Upanga Una Masharti: Uislamu, Dola na Hukumu ya Kifo

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu, dada zangu, vijana wenzangu. Mada ya leo ni nzito na sitaizunguka. Swali ni hili: nani ana haki ya kutoa roho ya mtu? Na kama ana haki hiyo, ni kwa masharti gani?

Swali hili twaliishi mitaani. Kundi la vijana latoka na mapanga, Kisauni ama Likoni, lakata watu na kupora simu. Jioni ile ile barazani maneno ni yale yale: "Hawa kortini wasipelekwe. Wauawe tu." Na hakosi mmoja wa kuongeza: "Hata dini yetu imesema hivyo." Upande wa pili yuko kijana mwengine, naye asema adhabu ya kifo ni ushenzi wa zamani, na dini inayoikubali ina kasoro. Wote wawili wamesoma nusu ya ukurasa.

Mimi nawaambia hivi. Uislamu umeruhusu hukumu ya kifo, na tusione haya kulisema hilo. Lakini ruhusa ile imekuja na masharti, na masharti ni sharia vile vile kama ruhusa yenyewe. Ukiitaja ruhusa, yataje na masharti. Ukiyaacha, usiseme ni dini. Sema ni hasira zako.

Tuanze na neno letu wenyewe. Sisi Waswahili twasema "kisasi". Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, qisas. Lakini angalia lilivyogeuka mdomoni mwetu. Kwetu sasa kisasi ni kulipiza: umenipiga, nakuvizia usiku nikupige. Katika fiqhi, qisas si hivyo kabisa. Ni kulipa sawa kwa sawa, baada ya ushahidi, mbele ya kadhi, na mkononi mwa mwenye mamlaka. Neno tumelibakisha, maana tumeiacha njiani.

Sasa masharti yenyewe. Nitataja manne.

La kwanza ni ushahidi. Wanazuoni wa madhehebu zote wana kanuni mashuhuri: adhabu za hudud huzuiliwa na shaka. Ikiingia shubha, adhabu inasimama. Na fiqhi ikasema kadhi akikosea kwa kusamehe ni afadhali kuliko akikosea kwa kuadhibu. Maiz alipokuja mwenyewe kwa Mtume (s.a.w.) kukiri kosa lake, Mtume alimgeuzia uso mara kadhaa. Hakumkimbilia. Na kukiri kwa mtu aliyepigwa ama kutishwa, jamhuri ya wanazuoni hawakuhesabu kuwa ni kukiri.

La pili ni msamaha. Soma Suratul Baqara aya ya 178. Aya inayoweka qisas ndiyo hiyo hiyo inayofungua mlango wa kusamehe na kulipa diya kwa wema. Na wafasiri wametuonyesha jambo la ajabu pale: aya inapotaja kusamehewa, inamtaja mwenye haki ya damu kuwa ni ndugu wa yule muuaji. Damu imemwagika, na bado udugu umetajwa. Ufunguo umewekwa mkononi mwa waliofiwa. Wao ndio wa kusema: tunadai, tunapokea diya, ama tumesamehe kwa ajili ya Allah. Na Suratul Israa aya ya 33 ikamwambia yule aliyepewa mamlaka ya damu kwamba asipite mpaka.

La tatu ni mamlaka. Hapa ndipo penye kosa letu kubwa la mitaani. Hata wewe uliyefiwa na babako, hata ukiwa na mashahidi kumi, huwezi kuchukua panga ukamalize mwenyewe. Imam Nawawi, mwandishi wa Minhaj, kitabu ambacho madrasa za pwani yetu zimekisomesha miaka na miaka kwa sababu sisi ni Mashafii, amesema wazi kwamba qisas haitekelezwi ila kwa idhini ya mtawala, na atakayejitekelezea mwenyewe atatiwa adabu. Huyo ni mwenye haki kabisa! Sasa yule asiyefiwa na mtu, aliyekuwa apita tu njiani akaokota jiwe, yeye yuko wapi?

La nne ni kwamba mwenye mamlaka naye yuko chini ya sharia. Wengi wanaipenda aya ya 59 ya Suratun Nisaa, ile ya kuwatii wenye mamlaka. Lakini rudi nyuma aya moja tu, ya 58. Kabla ya watu kuamrishwa utiifu, kumeamrishwa amana zifikishwe kwa wenyewe na hukumu iwe ya uadilifu. Mpangilio ule una maana yake.

Pengine utasema: hizi ni nadharia za vitabuni. La. Zilijaribiwa, tena mapema sana.

Mwaka wa 23 Hijria Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alichomwa jambia akisalisha Alfajiri. Aliyemchoma ni Abu Lu'lu'a. Mji wa Madina umejaa uchungu. Ikasemwa kwamba kabla ya mauaji, Abu Lu'lu'a alionekana na Hurmuzan, Mfursi aliyesilimu, pamoja na Mkristo mmoja aitwaye Jufayna, na ile jambia ikaanguka kati yao. Ubaydullah, mwana wa Umar, aliposikia hayo hakungoja. Alichukua upanga akamuua Hurmuzan, akamuua Jufayna, akamuua na binti mdogo wa Abu Lu'lu'a.

Hebu fikiri. Aliyefiwa ni mtoto wa khalifa. Aliyeuawa ni Umar! Kama kuna uchungu wa kumpa mtu ruhusa ya kuua kwa dhana, ndio huo. Je, Masahaba walimpigia makofi? Walimkamata. Saad bin Abi Waqqas alimnyang'anya upanga, akafungiwa ndani. Na Sayyidna Uthman alipopewa ukhalifa, kesi yake ya kwanza ikawa hii: mwana wa Umar ameua bila hukumu. Sayyidna Ali alishauri kwamba auawe kwa qisas. Wengine wakasema, jana ameuawa baba, leo auawe mwana? Riwaya zimetofautiana juu ya mwisho wake. Mashuhuri ni kwamba Uthman alijisimamisha kuwa walii wa wasio na walii, akaigeuza iwe diya, akailipa kwa mali yake mwenyewe.

Wanazuoni wamejadili uamuzi ule mpaka leo. Lakini hakuna aliyesema damu ya Hurmuzan ilikuwa bure. Hakuna aliyesema, "Alishukiwa, basi yatosha."

Na Sayyidna Ali mwenyewe, mwaka wa 40 Hijria, alipopigwa upanga na Ibn Muljam kule Kufa, aliusia mfungwa yule alishwe na atendewe vyema. Akasema akifa yeye, basi pigo moja kwa pigo moja, na asikatwekatwe viungo. Ametokwa damu, yuko kitandani, anamhesabia muuaji wake haki zake.

Jambo hili pia si la Waislamu peke yao. Cesare Beccaria, Mtaliano, aliandika kitabu mwaka 1764 akiuliza: raia walipokubali kutawaliwa, ni nani aliyempa mwengine ruhusa ya kumuua? Akasema kinachomzuia mhalifu ni uhakika wa kukamatwa, zaidi ya ukali wa adhabu. Immanuel Kant, Mjerumani, akampinga: haki yadai muuaji auawe, hata kama jamii yote inavunjika kesho na kila mtu anakwenda zake. Kant amemwangalia muuaji na kosa lake. Beccaria ameiangalia serikali na mkono wake. Na karne nne kabla yao, Ibn Khaldun aliandika katika Muqaddima kwamba dhuluma ya watawala ndiyo inayobomoa miji na ustaarabu.

Mimi naona maulamaa wetu walijibu maswali yote mawili kwa pamoja. Walikubaliana na Kant kwamba damu ina thamani na lazima ilipiwe. Na walikuwa na hofu kama ya Beccaria, kwamba mkono unaoshika upanga ni mkono wa binadamu, nao wakosea na waonea. Ndio maana wakauzungushia ua wa masharti.

Sasa tuje nyumbani, Kenya.

Sheria ya makosa ya jinai inayotumika hapa ilitungwa na mkoloni mwaka 1930, nasi tunairekebisha kidogo kidogo. Kitanzi kilichomo ni chake. Wakati wa hali ya hatari, miaka ya 1950, Waingereza waliwanyonga zaidi ya watu 1,000 katika vita vya Mau Mau, kwa mahakama, kwa majaji waliovaa majoho. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Na kule Libya, Waitaliano walimnyonga Omar al-Mukhtar, mwalimu wa Qur'ani mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, mwezi Septemba 1931, baada ya kesi ya siku moja. Wote wawili walinyongwa "kisheria". Kwa hivyo ukiambiwa "ni sheria", uliza imetungwa na nani na kesi imeendeshwa vipi.

Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, waliponyongwa wanajeshi wa jaribio la mapinduzi la 1982. Lakini hukumu ya kifo iko mpaka leo. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia watu zaidi ya 4,000 ikawa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Kenyatta akawabadilishia 2,747. Mwaka 2023 Rais Ruto naye akafanya hivyo. Na kila mara safu ilijaa tena, kwa sababu korti hazikuacha kuhukumu.

Walihukumiwa kwa nini hao wote? Si mauaji peke yake. Wengi ni wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2). Nisikilizeni hapa, hasa nyinyi wa miaka 18, 19. Kifungu hiki hakihitaji mtu afe. Ukipora kwa nguvu ama kwa vitisho na una silaha, yatosha. Ama huna silaha lakini uko na mwenzako, yatosha. Ama umempiga mtu, yatosha. Vijana wawili, simu moja, mtu ametishwa na kusukumwa: adhabu iliyoandikwa ni kifo. Mwezi Disemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa muuaji ni kinyume cha Katiba. Lakini Julai 2021 mahakama ile ile ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa kesi za mauaji pekee.

Sasa linganisha na madhehebu yetu. Uporaji wa silaha barabarani katika fiqhi waitwa hiraba, na adhabu zake ziko Suratul Maida aya ya 33. Ni kali, sitazipunguza. Lakini kwa Imam Shafii adhabu zile zina daraja: anayeuawa ni yule aliyeua. Aliyechukua mali bila kuua ana adhabu yake, na aliyetisha watu tu ana yake. Na aya ya 34 ikawatoa waliotubu kabla ya kushikwa, ijapokuwa haki za watu walizochukua zabaki juu yao. Umeona? Yule asemaye barazani "wauawe tu, hata dini imesema", anamhukumu mwizi wa simu kwa ukali ambao madhehebu yake mwenyewe hayakuuweka. Amemfuata mkoloni wa 1930 akidhani amemfuata Shafii.

Na mlango wa msamaha je? Katika sheria ya Kenya waliofiwa hawana ufunguo. Kesi ni ya Jamhuri. Msamaha ni wa Rais, kifungu cha 133 cha Katiba. Kadhi naye, kwa kifungu cha 170, anaamua ndoa, talaka, mirathi na mambo ya hali ya mtu, basi. Mei 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu kesi moja ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili za Kiislamu kupatana na fidia kulipwa, ngamia na mbuzi. Wako waliofurahi. Wako waliouliza: tajiri je, hatanunua damu za maskini? Ni swali la haki, na mahakama nyengine baadaye zimekataa njia hiyo. Sharia yenyewe imelijibu kiasi: msamaha ukishinikizwa si msamaha, na mtawala ana uwezo wa kutia adabu hata familia ikisamehe. Lakini mjane mwenye watoto watano, ambaye muuaji wa mumewe yuko jela na yeye hana hata unga, naye ana swali lake. Tusimsahau tukizungumza haki.

Nimebakisha jambo zito zaidi. Yote haya ni ya mtu aliyefika kortini. Kuna wanaouawa bila kufika.

Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi Mombasa, akiwa ndani ya gari na familia yake. Tarehe 1 Aprili 2014 Sheikh Abubakar Shariff, maarufu Makaburi, aliuawa kwa risasi nje ya korti ya Shimo la Tewa. Nje ya korti! Wote wawili walikuwa na kesi mahakamani. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa damu zao. Wako Waislamu wengi waliopinga maneno ya masheikh hawa, na walikuwa na haki ya kuyapinga. Hilo halibadilishi hoja. Korti imewekwa kwa ajili ya mtu tusiyekubaliana naye. Tunayempenda hahitaji korti kwetu, tumeshamtetea tayari.

Na hapa lazima tuwe wakweli na nafsi zetu. Kijana wetu akichukuliwa usiku na askari kanzu, tunaandamana, tunasema wapi kesi, wapi ushahidi? Sawa kabisa. Lakini wiki inayofuata mwizi ashikwa sokoni, tairi laletwa, nasi tumesimama tunapiga video. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hatuwezi kumdai polisi masharti ambayo sisi wenyewe tunayavunja tukiwa kundi.

Najua kuna aliyekatwa panga anayesikiliza haya, ama mama ambaye mwanawe aliuawa kwa ajili ya simu ya shilingi 10,000. Mama, hatusemi damu ya mwanao ni nyepesi. Tunasema ni nzito mno kuachiwa umati ama mtu mmoja mwenye bastola. Akiuawa mtu ambaye siye, muuaji wa mwanao bado yuko mtaani, na wewe umefungiwa faili.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne.

Moja. Mwizi akishikwa mbele yako, usimpige, usipige video. Waambie watu apelekwe kituoni, na mchukue namba ya OB. Kama wewe ni mmoja na wao ni hamsini, mpigie imamu, mzee wa mtaa, yeyote mwenye sauti. Kuokoa roho moja, Suratul Maida aya ya 32 imekuambia uzito wake.

Mbili. Jua haki zako. Kifungu cha 49 cha Katiba: ukikamatwa uelezwe kwa nini, uruhusiwe kuongea na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ila ikiwa si siku ya korti. Kukiri mbele ya askari anayechunguza kesi yako hakukubaliki kortini. Sheria ya ushahidi yataka iwe mbele ya jaji, hakimu ama afisa wa polisi asiyechunguza kesi hiyo na mwenye cheo kinachotakiwa na sheria, na mtu wako wa kumwamini awepo. Kifungu cha 50 chasema serikali ikuwekee wakili ikiwa bila yeye utadhulumiwa pakubwa. Idai hiyo haki mapema, kabla kesi haijaanza kusikizwa. Polisi wakiua ama wakiumiza mtu, peleka malalamiko IPOA, kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Tatu. Mwenzako akikuambia "twende tukaangushe simu mbili tatu", ushajua kifungu kinasema nini. Mwambie. Wengi walioko ndani kwa 296(2) walikwenda wakidhani ni mchezo wa usiku mmoja.

Nne. Tuzungumze na wabunge wetu. Hukumu ya lazima ya kifo kwa wizi ambao hakuna aliyekufa haina mguu katika Katiba yenye kifungu cha 26 cha haki ya kuishi, wala katika fiqhi ya Shafii. Mwezi Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, iliiambia Tanzania kwamba hukumu ya kifo ya lazima yavunja haki ya kuishi. Sisi tunangoja nini?

Mtaniuliza: je, wataka hukumu ya kifo ifutwe Kenya? Jibu langu ni hili. Dola ambayo ushahidi wake hutokana na kipigo, ambayo maskini husimama bila wakili, ambayo waliofiwa hawaulizwi, na ambayo walinzi wake wanaua watu na hawashtakiwi, haijatimiza hata sharti moja kati ya yale manne. Isituombe sisi Waislamu tuipe baraka ya dini kushika kitanzi. Itimize masharti kwanza, ndipo tukae tuzungumze upanga.

Ewe Mola, wape subira waliofiwa, wape haki waliodhulumiwa, waongoze vijana wetu kabla hawajafika pabaya, na utujaalie tuwe waadilifu hata kwa tunaowachukia. Amin.